Matope ya Tangi

Kazi ya mjomba wangu ilikuwa kuingia ndani ya matangi ya mafuta. Alikuwa mmoja wa watu saba waliochukuliwa na mkandarasi kila tangi moja kule Shimanzi lilipotakiwa kuoshwa. Mafuta yakishavutwa yote, chini hubaki matope mazito, kutu na uchafu wa miaka, na hayo hayakubali pampu. Sharti mtu aingie kwa kidirisha cha chuma kilicho ubavuni, ainame, ayakombe kwa sepetu na kuyatia ndooni. Waliingia wawili wawili, wakitoka wengine wakaingia. Mkandarasi aliwapa vitambaa vya kufunga pua, na kila mtu pakiti ya maziwa, ile ya pembe tatu, kwa kuwa ilisemekana maziwa huosha kifua. Mjomba hakuyanywa ya kwake. Aliyaleta nyumbani, mkewe akayatilia kwenye chai.

Tulikuwa nyumba moja Kibokoni, Mji wa Kale, mimi na mamangu ghorofani, yeye na mkewe chini. Mkewe nilimwita mkaza mjomba tangu nilipojua kusema. Hawakujaaliwa mtoto, na mapenzi ambayo wangempa mtoto wao yalinijia mimi, binti wa dada mtu. Mjomba ndiye aliyenipeleka kujifunza kupiga chapa nilipomaliza shule, na siku nilipopata kazi ya afisi aliwaambia watu wote wa mtaa, hata muuza kahawa ambaye alikwisha kuambiwa mara mbili. Alikuwa mtu wa mzaha na mtu wa usafi. Siku za kazi alikuwa mweusi kwa matope mpaka kwenye kope, lakini Ijumaa kanzu yake ilisimama kwa wanga, na Jumapili jioni alitutoa sote kwenda Mama Ngina, ufukoni, akatununulia mihogo, akabishana na muuzaji kwa kuwa pilipili haikuwa kali.

Afisi niliyofanya kazi ilikuwa ya umma, hapo hapo kisiwani, na ilihusika na afya ya mji. Sitaitaja. Nilikaa chumba kimoja na mkaguzi wa afya, tuliyemwita Bwana Afya kama wanavyoitwa wote. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni ambacho sisi tulikicheka kidogo mwanzo kisha tukakizoea. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini alipewa kazi ya kuandika kanuni mpya za kuzoa na kutupa taka za sumu. Aliandika kwa mkono, mimi nikapiga chapa. Alizitaja moja moja: maji ya betri, dawa za wadudu, mabaki ya viwanda vya rangi, sindano na bendeji za hospitali, matope ya matangi ya mafuta. Kila taka ikaandikiwa nani aiguse, avae nini, na itupwe wapi. Kazi hiyo ilimchukua miezi. Nilimwona akiisoma upya saa za chakula, kalamu mkononi, mkate wake umekauka kando.

Karatasi zikapanda juu kwa wakubwa. Kukawa na mikutano, watu wa makampuni wakaja na mikoba yao, chai ikapelekwa. Zikarudi kwangu zipigwe upya. Ukurasa wa kumi na mbili, pale palipokuwa na yale matope ya matangi, palikuwa pamekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ningeyasema hivi: isipokuwa taka zitokanazo na kuchimba, kusafisha, kuhifadhi au kusafirisha mafuta, gesi na madini.

Nilimgeukia Bwana Afya. "Nipige hivi hivi?"

"Piga," akasema. Hakuinua uso. "Wanasema wao wana sheria yao, huko kwenye wizara yao."

"Na kweli wanayo?"

"Wanayo. Nimeisoma. Inaeleza namna ya kuzima moto."

Nikapiga. Nataka kusema nilimkumbuka mjomba wangu wakati ule, lakini si kweli. Lilikuwa ni neno tu katika karatasi, na mashine ilikuwa ikinisumbua, na nilikuwa na njaa. Nilipiga ukurasa ule vizuri bila kosa hata moja, nikautia faili.

Miezi michache baadaye mjomba na wenzake walipewa tangi la petroli. Mengi waliyoosha kabla yalikuwa ya dizeli na mafuta mazito. Hili lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka mingi. Siku ya kwanza alirudi akasema matope yake ni tofauti, mekundu kama udongo wa Voi, na yana harufu tamu, kama tunda lililoanza kulainika. Aliona ni ajabu ya kupendeza. Akasema kule ndani mtu husahau kuwa yuko ndani ya chuma.

Siku ya pili alikuja na kopo zima la matope yale. Boriti za jikoni mwetu zilikuwa zikiliwa na mchwa, na watu wa Shimanzi wote walijua kuwa mchwa hawapiti palipopakwa matope ya tangi. Hakuna aliyewakataza kuyachukua. Akachukua tambara, akapanda kiti, akazipaka boriti zote nne kwa mkono wake huku akiimba. Mkewe alifua nguo zake ndani ya beseni, kwa mikono mitupu, kama alivyozifua siku zote.

Kazi ya tangi lile ilikuwa ya siku sita. Siku ya nne mjomba alianza kulalamika kuwa hapati usingizi. Hakuwa na homa. Kinyume chake alikuwa baridi, na mamangu alipomshika paji la uso alirudisha mkono.

"Mbona kama mtu aliyetoka mtoni?" mamangu akasema.

"Uchovu," akasema mjomba. "Tangi likisha, nitalala juma zima."

Jumapili ile hatukwenda Mama Ngina. Nilishuka chini baada ya sala ya alasiri kumpelekea kashata, nikamkuta amekaa kwenye kiti mbele ya kioo cha ukutani, mdomo wazi, taulo mkononi. Alikuwa akijisugua ulimi. Taulo lilikuwa na damu.

"Ndoo hapa, mwanangu, unitazame," akaniambia. "Wewe mato yako mazima. N'na unywele ulimini. Mrefu. Nauvuta, hautoki."

Nikatazama. Nilimgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikatazama tena. "Sioni kitu, mjomba."

"Huoni?"

"Sioni."

Kashata niliyompa ikamponyoka mkononi. Kisha akacheka, akanitaka radhi, kana kwamba amenivunjia heshima.

Siku mbili zilizofuata mambo yalikwenda mbio. Aliona sisimizi kwenye kanzu yake, akaivua mbele ya wageni. Alimshika mkewe mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa kuna watu ukutani wanaomtaka. Majirani walikuja wakasema ni pepo, wakataja pepo wa namna gani, na mmoja akasema anamjua mganga wa Likoni. Mamangu hakutaka waganga. Alimwita mwalimu wa chuo cha Qurani cha mtaani kwetu, mzee aliyekuwa amesoma na mjomba utotoni. Akaja na sahani nyeupe na zafarani yake, akaandika aya, akaziosha kwa maji ya marashi, akamnywesha kombe. Mjomba alikunywa kwa adabu, mpaka tone la mwisho.

Mwalimu akakaa naye karibu saa nzima, amemshika mkono. Alipotoka nje ukumbini alimwambia mamangu, "Kombe ni dua, na dua haikatazi daktari. Nimewasomea wenye mashetani miaka arubaini. Huyu hana shetani. Huyu kapewa kitu. Mpelekeni hospitali leo, si kesho."

Tukampeleka. Kule waliuliza kama anavuta bangi, kama kuna wazimu katika ukoo. Mkaza mjomba akamwambia daktari kuwa anaosha matangi, na daktari akaandika, lakini sidhani lilimwambia chochote. Walimfunga mikono kitandani kwa vitambaa kwa kuwa alikuwa akijikwangura mdomo. Siku ya pili hakututambua tena. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikiwa afisini, msichana wa mapokezi alikuja akaniambia niende nyumbani, na kwa jinsi alivyolishika bega langu sikuuliza.

Kwenye cheti cha kifo waliandika malaria ya kichwa. Mkaza mjomba alikuwa na madarasa machache tu, lakini alijua malaria. "Malaria gani isiyo na homa?" aliuliza. Alimwuliza daktari, akamwuliza karani, akamwuliza aliyetupa cheti dirishani. Tukamzika mjomba alasiri ile, na mkandarasi akaleta gunia la mchele na sukari ya kisomo, na pole.

Siku ya tatu ya matanga Bwana Afya alikuja kutupa pole. Alivua viatu vyake mlangoni, akakaa barazani na wanaume, mikono katikati ya magoti. Hapo alikuwepo rafiki wa mjomba, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mtu wa makamo, mwenzake wa tangini. Walikuwa wakiingia pamoja siku zote. Bwana Afya akamwuliza marehemu aliugua nini, na yule akamweleza: usingizi, baridi, wadudu, unywele.

"Unywele?" Bwana Afya akasema.

"Ulimini. Hata mimi ninao, tangu juzi," akasema yule rafiki, kama mtu anayetaja mafua.

Nilikuwa nikipitisha kahawa. Nilimwona Bwana Afya akiweka kikombe chini. Akauliza ni tangi la nini. Akauliza matope yalikuwa rangi gani. Kisha akaniomba, kwa upole sana, nimwonyeshe nguo za kazi za marehemu. Zilikuwa bado kwenye beseni. Hakuzigusa. Aliinama mara moja, akainuka.

"Risasi," akasema.

Nilimwelewa vibaya, nikadhani anasema mjomba alipigwa. Akanieleza hapo hapo kwenye ua: kuna aina ya risasi, yale madini, iliyoyeyushwa, ambayo hutiwa kwenye petroli ili injini isigonge. Petroli ikikaa miaka, risasi hushuka na matope. Hupita kwenye ngozi, hupita kwenye pumzi, ikaenda moja kwa moja kwenye ubongo. Mtu huona wadudu. Mtu huhisi unywele mdomoni. Alikuwa ameyasoma yote hayo katika kitabu alipokuwa akiandika kanuni zake, na ndiyo sababu aliyaweka matope ya matangi katika orodha. Alisema hayo bila kunitazama, nami nikajua kuwa sote wawili tunaufikiria ukurasa mmoja.

Kisha akaziona boriti za jikoni.

Kesho yake rafiki wa mjomba alipelekwa hospitali, na safari hii Bwana Afya alikwenda naye, akasimama mbele ya daktari na kitabu chake mkononi mpaka akasikilizwa. Yule mtu aliishi. Mwingine katika wale saba, ambaye sikumjua, alifia kwao Kilifi kabla hajafikiwa.

Bwana Afya alikwenda Shimanzi mwenyewe. Alirudi na matope kidogo ndani ya chupa ya jemu, imefungwa kwa plastiki mara tatu, akaiweka juu ya kabati ya faili. Akaandika ripoti ya kurasa nne. Niliipiga chapa kwa haraka, makosa matupu, nikairudia. Alitaka mambo mawili: kazi ya matangi isimamishwe mpaka watu wapate mavazi na mipira ya kuvutia hewa safi kutoka nje, na matope yale yasitupwe ovyo, maana yalikuwa yakimwagwa kwenye shimo lisilo na ua upande wa bara, na watu wakiyachota kwa ajili ya mchwa wao.

Mkubwa wetu hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa nyepesi. Alikuwa mzee wa heshima aliyeuliza hali ya mama yangu kila Jumatatu. Alimwita Bwana Afya, na mlango ulibaki wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Nimeisoma," akasema. "Nimesikitika. Lakini wewe mwenyewe soma ukurasa wa kumi na mbili."

"Niliuandika mimi, mzee. Kabla haujakatwa."

"Basi wajua. Kwa sheria, hiyo si taka ya sumu. Hatuna ruhusa ya kwenda pale hata kuuliza. Nani alikupa ruhusa ya kuchukua chupa?"

"Watu wawili wamekufa."

"Wamekufa kwa malaria. Mmoja una cheti chake, mwingine hana hata cheti." Akaifunga ripoti. "Ikiwa twasema hii ni sumu, kesho kila lori la mafuta litokalo kisiwani litasimama. Nani atakayeibeba hiyo? Wewe?"

Bwana Afya alirudi akakaa. Kisha akaniambia kuna njia moja tu iliyobaki, nayo ni mwananchi kuleta ombi kwa maandishi, kwa kuwa ombi la mwananchi sharti lijibiwe. Mkaza mjomba alikuwa ndani ya eda, amevaa nyeupe, hatoki. Nikaandika kwa maneno yake, akatia kidole gumba. Hakuomba kitu chochote kwa ajili yake. Aliomba afisi iseme kwamba yale matope ni sumu, ili hospitali ijue inatibu nini, na wale wanne waliobaki wasiingie tena. Tangi jingine la petroli lilikuwa likingoja.

Jibu lilichukua karibu miezi mitatu. Lilinijia kwa mkono wa mkubwa, kwenye karatasi ya mistari, nilipige chapa. Lilikuwa fupi. Lilimpa pole. Lilisema taka alizozitaja haziingii katika kanuni za taka za sumu, zimesamehewa chini ya kifungu fulani, na afisi haina la kufanya. Juu palikuwa na jina lake kamili na anwani ya nyumba yetu.

Mkubwa alijua ni mkaza mjomba wangu. "Kama waona vizito, nitampa mwingine," akaniambia.

Nikasema nitapiga. Sijui kwa nini. Labda niliona kuwa barua hiyo ikitoka mkononi mwa mtu mwingine nitakuwa nimejificha. Labda niliogopa kazi yangu. Nimeyafikiria miaka mingi na bado sina hakika. Nikatia karatasi na kaboni, nikapiga. Neno lile la kusamehewa lilinishinda mara mbili, vidole vilikwenda kwingine, nikafuta.

Sikungoja posta. Nilitoka nayo saa nane mchana nikapita njia ya Ngome, ambako watalii walikuwa wakishuka basi na wauza vinyago wakiwafuata, nikaingia vichochoroni mpaka nyumbani. Mkaza mjomba alikuwa amekaa juu ya mkeka, akichambua mchele. Tangu kifo cha mumewe alikuwa na kichwa kisichomwacha, na mikono yake ilikuwa mizito, maana zile nguo alizifua siku zote sita. Nikamsomea kwa Kiingereza kwanza, kwa kuwa niliona haya, kisha nikamtafsiria.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Imesamehewa," akasema. "Nani aliyeisamehe? Mimi sijaulizwa."

"Wakubwa."

"Na hiyo barua kaipiga chapa nani?"

"Mimi, mkaza mjomba. Na kanuni zenyewe nilizipiga mimi."

Punje za mchele ziliendelea kupita katikati ya vidole vyake. Nilisikia mamangu akitembea juu. Nilingoja anifukuze.

"Ushakula?" akaniuliza.

"Bado."

Akainuka, akanipakulia wali na mchuzi wa papa, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, "Wewe wajua kuandika. Basi waandikie wale watu wenyewe. Kwa Kiswahili."

Kesho yake nilifika afisini kabla ya wengine. Bwana Afya alinitajia, mimi nikapiga moja kwa moja kwenye stenseli ya mashine ya kunakilia: matope mekundu ya petroli yanaua. Usiingie bila mpira wa hewa na glavu. Usirudi nyumbani na nguo za kazi. Usipake mchwa. Ukikosa usingizi, ukihisi unywele mdomoni, ukaona wadudu, nenda hospitali useme risasi ya petroli. Haikuwa na jina wala muhuri. Tukazungusha mashine sisi wawili, mlango umefungwa, wino ukatuchafua, na nikatoka na karatasi hizo ndani ya buibui langu kama mwizi.

Eda ilikuwa imebaki siku chache. Ilipokwisha, mkaza mjomba alivaa buibui lake akaenda Shimanzi peke yake. Alisimama nje ya lango asubuhi tatu, akampa kila aliyeingia karatasi, na asiyejua kusoma akamsomea kwa kichwa, maana alikwisha kuihifadhi. Mlinzi alimwondoa mara mbili, akarudi. Walinijia wenzangu wa afisini wakasema kuna mwanamke wa Mji wa Kale ameshikwa na wazimu kwa kufiwa.

Wale wanne waliobaki walikataa tangi jipya. Hilo lilitufurahisha kwa siku mbili. Siku ya tatu mkandarasi alipata wengine, watu waliovuka feri kutoka Likoni wakitafuta kibarua, na lile tangi likakombwa. Baadhi yao walikuwa na karatasi yetu mfukoni. Mmoja alimwambia mkaza mjomba, "Bi, nimesoma, na naamini. Lakini nyumbani kuna watu wanaokula leo." Sijui kilichowapata. Walikuwa wa mbali, hawakuwa wa mtaa wetu, na hakuna kitabu kilichowekwa.

Boriti za jikoni zilitushinda. Bwana Afya alisema zitolewe. Fundi alizitoa akiwa amejifunga shuka usoni, zikawekwa uani chini ya turubali pamoja na lile beseni na nguo. Watu wa taka wa mtaa walipoambiwa ni kitu gani walikataa kuzibeba, wakasema ni sumu. Nikauliza afisini kwetu zipelekwe wapi zile zenye sumu, nikaambiwa hizi si za sumu, ziende na taka za kawaida. Zikakaa pale miezi minane, mvua ikinyesha juu ya turubali, na mamangu akiwazuia kuku wa jirani kwa fimbo. Mwishowe mtu mmoja mwenye mkokoteni akakubali kuzichukua. Hatukumwuliza anazipeleka wapi.

Bwana Afya alihamishwa kabla mwaka haujaisha, kaskazini kabisa, mahali ambapo hapana tangi wala kiwanda. Siku ya kuondoka aliichukua ile chupa ya jemu juu ya kabati, akaifunga tena kwa gazeti, akasema haiwezi kubaki na watu wasioijua. Aliniandikia mara moja, kuuliza hali ya mkaza mjomba. Nilijibu kuwa kichwa kinampa nafuu, ingawa haikuwa kweli.

Rafiki wa mjomba hakurudi kazini. Alirudi kwao, akawa akija mjini mara moja moja kutusalimu, na mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Mkaza mjomba alikaa nasi miaka mitano mingine kisha akaenda kwa dada yake Lamu, na huko alifia, kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyataja kwa jina.

Mimi sikuacha kazi. Nilibaki afisi ile mpaka nikawa mkuu wa wapiga chapa, na kila mwaka nilizipiga upya zile kanuni zilipotakiwa, pamoja na ukurasa wa kumi na mbili. Petroli ya risasi ilikuja kuondolewa baadaye, miaka mingi baadaye, kwa sababu zisizotuhusu sisi. Mkaza mjomba hakumwambia mamangu nani aliyeipiga chapa barua ile. Mamangu aliihifadhi katika sanduku la nduguye, pamoja na kanzu zake, na mara kwa mara aliitoa akanipa nimsomee. Nikamsomea kila mara, mpaka naye alipokufa.